Puti 29 na bado kapiga 94

Kila jumamosi jioni baada ya medali (mashindano ya gofu ya klabu), pale tunapopaita shimo la 19 ambapo ni baa tu na viti vya plastiki, lazima awepo mtu wa kusema "leo puti 29 bana!" na anasema kwa sauti ya mtu anayesubiri kununuliwa bia, afu ukimuuliza jumla kapiga ngapi anaanza kuhangaika na karanga. Mikwaju 94, na kwenye gofu anayepiga michache ndo bora. Na wala hajadanganya, puti ni 29 kweli, kachora vistari vyake pembeni ya kila shimo kwenye kadi. Sasa wastani wa mapro wa PGA Tour, mashindano ya gofu ya kulipwa kule Marekani, kwa raundi ni hizo hizo 29 na kidogo, kwahiyo kwa hesabu ya vistari jamaa yetu anaweka puti sawasawa na watu wanaolipwa mamilioni ya dola.

Si kweli, na yeye anajua si kweli, ila namba ikishaandikwa kwenye kadi inapata heshima yake. Mi nimekaa na hizi takwimu za puti muda mrefu kidogo, nimesoma, nimebishana na watu, na nilichobaki nacho ni hiki: idadi ya puti haikwambii umeweka puti vizuri kiasi gani, inakwambia zaidi mpira wako ulikuwa wapi kabla hujatoa fimbo ya puti kwenye begi. Kumsifia mtu kwa puti 29 bila kuuliza alianzia wapi ni kama kumsifia dereva wa daladala kwa kuwahi kufika Posta bila kuuliza kama katokea Mbagala au katokea Kariakoo.

Kwa wasiocheza: puti ni ule mkwaju wa kusukuma mpira taratibu ukishafika kwenye grini, lile eneo lenye nyasi zilizonyolewa kabisa ambapo shimo lipo. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108, mpira karibu milimita 43. Uwanja wa kawaida wa mashimo 18 umepangwa kwa dhana kwamba kila shimo utaweka puti mbili, kwahiyo kwenye uwanja wa 72, yaani unaotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju 72, puti 36 zimeshahesabiwa humo ndani. Nusu ya mchezo! Ndo hapa watu wanapoanzia kupotea, wanaona 36 kati ya 72 wanasema basi puti ndo kila kitu.

Hebu chukua wachezaji wawili, mfano wa kutunga huu. Wa kwanza anafika kila grini kwa mikwaju inayotakiwa, ila mpira wake kila mara unakaa futi 30 kutoka kwenye shimo, anaweka puti mbili, anaondoka. Puti 36, jumla 72. Wa pili hagusi grini hata moja kwa wakati, anakosa zote 18, ila kila akikosa anachipu (kamkwaju kafupi kutoka pembeni ya grini) mpira unasimama futi 3, anaweka puti moja. Puti 18, jumla 72. Ukiangalia vistari tu utasema wa pili ni mchawi wa puti na wa kwanza aende akafundishwe. Mmoja kaweka puti mara mbili ya mwenzake na wametoka sare.

Sasa nani kati yao kaweka puti vizuri? Hapo ndo anaingia Mark Broadie, profesa wa Columbia Business School kule New York, mtu wa mambo ya fedha na hesabu ambaye pia anapenda gofu. PGA Tour walikuwa na mfumo unaoitwa ShotLink unaopima kila mkwaju wa kila mchezaji, umetoka wapi umefika wapi, na puti zinapimwa mpaka inchi. Broadie akachukua hizo data akauliza swali rahisi tu: kutoka umbali huu, pro wa kawaida anahitaji puti ngapi kwa wastani? Futi 3 ni puti 1.04. Futi 8 ni 1.5. Futi 33 ni 2 kamili. Ukishajua hivyo, kila puti unaweza kuipa alama yake. Uko futi 8 umezamisha kwa moja, umeokoa nusu mkwaju. Umeweka mbili, umepoteza nusu mkwaju. Uko futi 33 ukaweka mbili, hujapata hujapoteza, nenda shimo linalofuata.

Turudi kwa wale wawili. Wa kwanza kutoka futi 30 pro wa kawaida angehitaji 1.98, yeye kaweka 2, kapoteza 0.02 kila shimo, mara 18 ni kama 0.36 raundi nzima. Wa pili kutoka futi 3 ilitakiwa 1.04, kaweka 1, kaokoa 0.04 kila shimo, jumla 0.72. Kwahiyo tofauti yao halisi kwenye puti ni mkwaju mmoja hivi. Mmoja! Wakati vistari vya kwenye kadi vinasema 18. Hizo 17 nyingine zote ni habari ya jinsi walivyofika kwenye grini, haihusiani na puti kabisa, na bado tunaiita takwimu ya puti.

PGA Tour walianza kutumia hesabu hii ya mikwaju inayookolewa kwenye puti mwaka 2011. Kabla ya hapo takwimu waliyokuwa wanaitegemea ilikuwa wastani wa puti kwenye zile grini ulizofika kwa wakati, wakaona wametibu tatizo maana wanaochipu wameondolewa humo. Ila bado ilikuwa inapendelea watu wenye chuma nzuri, zile fimbo za kupeleka mpira kwenye grini. Mtu anayeweka mpira futi 12 kila mara atakuwa na puti chache kuliko anayeweka futi 30, hata kama yule wa futi 30 ndo fundi wa puti kweli. Kwahiyo miaka na miaka watu wenye chuma nzuri walikuwa wanapewa sifa za puti, na kuna mafundi wa puti waliokuwa wanaonekana wa kawaida tu. Na kuna kakituko kengine: ukiweka puti mpira ukiwa nje kidogo ya grini, kwenye zile nyasi za pembeni, kitakwimu hiyo siyo puti. Kwahiyo ukiwa na tabia ya kutumia fimbo ya puti kutoka nje ya grini kama wengi wetu tunaoogopa kuchipu, puti zako zinapungua kwenye karatasi bila wewe kufanya lolote la maana.

Kuna ule msemo maarufu wa kwamba draiva, fimbo ya mkwaju wa kwanza wa mbali, ni ya kuonyesha watu, puti ndo ya hela. Unahusishwa na Bobby Locke wa Afrika Kusini, na yeye alikuwa na haki ya kusema maana alishinda British Open mara 4, 1949, 1950, 1952 na 1957, na kwenye puti alikuwa balaa. Msemo ni mtamu na kila kedi, mbeba begi wa mchezaji, anaujua. Ila data za Broadie zilipokuja kuangalia wachezaji 40 bora wa PGA Tour kati ya 2004 na 2012, wanawazidi wengine wapi, jibu likawa hivi: mikwaju ya kupeleka mpira kwenye grini 40%, draiva 28%, mambo ya kuzunguka grini 17%, puti 15%. Puti ya mwisho. Hata Tiger Woods, ambaye sisi wote kichwani tunamuona akizamisha ile puti ya futi 24 pale uwanja wa Bay Hill, Florida, 2008 afu anabamiza kofia chini, sehemu kubwa kabisa ya alivyowazidi wenzake ilitoka kwenye chuma zake za kuingilia grini. Puti zake zilikuwa nzuri sana, sikatai, ila puti ndo zinazoonyeshwa kwenye tivii marudio mara kumi, chuma ya yadi 180 iliyotua pale inapotakiwa hairudiwi.

Mfano wa karibuni na ninaoupenda zaidi ni Scottie Scheffler, pro wa Marekani. Msimu wa 2023 kwenye hesabu ya mikwaju ya puti alikuwa wa 162. Mia na sitini na mbili! Kila raundi alikuwa anapoteza karibu theluthi ya mkwaju kwenye grini ukilinganisha na pro wa kawaida. Na msimu huo huo ndo aliyekuwa na wastani bora wa mikwaju kwa raundi kuliko mtu yeyote pale, kwasababu kuanzia tii, pale shimo linapoanzia, mpaka kufika kwenye grini alikuwa anaokoa zaidi ya mikwaju miwili na nusu kila raundi. Yaani namba moja wa dunia mwenye puti za kuudhi. Kama puti ndo gofu huyo mtu asingekuwepo.

Ila subiri, maana hapa ndo stori inapogeuka na ndo maana sikubaliani na wale wanaosoma hizo asilimia 15 wakaacha kabisa mazoezi ya puti. Februari 2024 pale Riviera, California (uwanja ambao fewei zake, zile njia za nyasi kutoka tii mpaka grini, ni nyasi za kikuyu, ndiyo, kikuyu hii hii ya nyanda za juu za Kenya, wazungu wanahangaika nayo huko), pro mwenzake Rory McIlroy akiwa kwenye matangazo ya tivii akasema angependa kumuona Scheffler akijaribu fimbo ya puti yenye kichwa kikubwa, kama alivyofanya yeye. Mwezi Machi Scheffler akatokea Bay Hill na fimbo ya kichwa kikubwa, akashinda kwa mikwaju 5. Wiki iliyofuata akashinda mashindano ya The Players. Mwezi Aprili Masters. Mwaka ukaisha ana ushindi 7 wa PGA Tour na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Paris. Na hakuwa mfalme wa puti hata mwaka huo, alikuwa katikati ya orodha tu. Kutoka mbovu kwenda wa kawaida, basi, ilitosha kuwamaliza wenzake.

Broadie mwenyewe ana namba inayoelezea hili. Ukiangalia wiki ambayo mtu ameshinda mashindano, mchango wa puti unapanda mpaka kama 35%. Sasa hizi namba mbili, 15 na 35, watu wanazigombanisha wakati zinaongelea vitu viwili tofauti. 15% ni nani mzuri mwaka mzima. 35% ni nani kati ya hao wazuri kashinda wiki hii. Puti zinapanda na kushuka sana wiki kwa wiki, wiki moja kila kitu kinazama, wiki inayofuata unazungusha mdomo wa shimo, wakati chuma haibadiliki hivyo. Kwahiyo chuma inakuweka kwenye nafasi ya kushinda mara nyingi, puti ndo inachagua ni lini. Kenya Open ukienda usikae grini ya 18 tu kupiga makofi mipira ikizama, nenda kasimame katikati ya fewei nyuma ya mchezaji uone inavyotua, DP World Tour, ile tour ya Ulaya yenye Kenya Open, nao wana hizi hizi takwimu siku hizi, ukitoka hapo kafungue simu uangalie anayeongoza anaongoza kwa lipi.

Hayo ya mapro. Sasa sisi.

Sisi wa hendikapu 18, 20 na kuendelea, yaani tunaozidisha mikwaju kama hiyo juu ya inayotarajiwa, tuna hesabu yetu na haifanani na yao. Pro kutoka futi 8 anazamisha nusu ya puti zake. Sisi tunaopiga 90 na kitu, hiyo nusu kwa nusu ipo futi 5. Futi 10 pro ni 40%, sisi 20%. Futi 20 pro 15%, sisi kama 6%. Kwahiyo jumamosi ukikosa puti ya futi 10 ukatupa kofia nakuangalia tu, maana ulitakiwa uikose mara nne kati ya tano, kuna haja gani ya kumlaumu kedi kwamba kasoma vibaya. Kedi kakwambia "bosi inakata kushoto, nje ya shimo nusu kikombe", kasema vizuri kabisa, mpira haukufika tu.

Na ukilinganisha anayepiga 80 na anayepiga 90, ile mikwaju 10 inayowatenganisha, puti ni kama mkwaju mmoja na nusu tu. Iliyobaki yote ipo huko nyuma, sana sana kwenye chuma za kuingilia grini na draiva. Na bado mtu anayepiga 94 akitaka kushuka kitu cha kwanza anachofanya ni kununua fimbo mpya ya puti.

Ambapo puti inatuumiza kweli sisi siyo kwenye kuzamisha, ni kwenye puti tatu. Pro anaweka puti tatu chini ya mara moja kwa raundi. Sisi zinakuja nyingi, na sababu karibu kila mara siyo ile puti ya pili uliyoikosa ambayo ndo unailaumu, ni ya kwanza. Angalia: uko futi 40, puti yako ya kwanza inaacha futi 7. Kutoka futi 7 mtu wa 90 anazamisha kama theluthi moja. Ingeacha futi 3 angezamisha 84%. Hapo kuna nusu mkwaju imepotea, na imepotea kwenye nguvu, siyo kwenye mstari. Watu wanachuchumaa dakika nzima kusoma mstari wa puti ya futi 40, wanazunguka upande wa pili, wanafunga jicho moja, afu wanaipiga inaishia futi 9 nyuma ya shimo. Mstari ulikuwa sawa kabisa! Na huku pwani grini zenye nyasi za bermuda zina mlalo wa majani, puti ile ile ukienda na majani inateleza, ukienda kinyume inakufa njiani, kwahiyo nguvu ndo habari yenyewe.

Upande wa pili wa shilingi ni chipu. Chipu ikisimama futi 5 badala ya futi 10, kwa mtu wetu wa 90 ni kutoka 20% kwenda 50%. Theluthi ya mkwaju imeokolewa na hujagusa puti bado, ila kwenye kadi itaandikwa puti moja na utasema leo puti zilikuwa zinaingia. Yule wa 29 na 94 ndo habari yake hiyo. Nilikuwa naye kwenye kundi, alikuwa anafika grini na mkwaju wa nne, wa tano, akishachipu yupo karibu. Grini alizofika kwa wakati zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Yule mwingine siku hiyo kapiga 81 na puti 35, hakuna aliyemsifia kwa lolote.

Na bado sijagusa "okota". Hiki kitu ndo kinaua takwimu zetu zote kabisa. Mpira upo futi 3, mwenzio anasema okota, yaani hesabu kama umeuzamisha, unaokota unaandika puti mbili. Futi 3 mtu wa 90 anakosa mara 16 kati ya 100! Ukiokota tano kwa raundi, kwa wastani umejizawadia karibu mkwaju mzima. Afu siku ya medali ambapo lazima uzamishe, mikono inatetemeka kwenye futi 3 kwasababu mwezi mzima hujaziweka, unasema leo presha. Mi kwenye raundi za kirafiki siokoti, wananikasirikia wanasema nachelewesha mchezo, poa tu, sekunde kumi hizo.

Ninachoandika kwenye kadi sasa hivi ni vitu viwili kila shimo: puti ya kwanza ilikuwa hatua ngapi, na puti ngapi. Hatua kubwa moja ni kama futi 3, inatosha, hatuna ShotLink. Nikitoka na "4/2" najua ilikuwa futi 12 puti mbili, kawaida, hakuna cha kulia. "2/2" hapo nimeacha kitu. "13/3" nguvu. Baada ya raundi kadhaa unaona picha ambayo vistari haviwezi kukuonyesha, mi kwangu tatizo lilionekana halipo kwenye namba ya pili hata, lipo kwenye ya kwanza, hatua 11, hatua 12, hatua 10, yaani hata nikifika kwenye grini nafika mbali. Kwahiyo nilichoongeza ni mazoezi ya chuma 7 na 8, na kwenye grini ya mazoezi nimeacha kabisa zile puti za futi 15 ambazo kila mtu anazipenda. Naweka za futi 3 mpaka 5 nyingi, afu za futi 40 kwa ajili ya nguvu tu, silengi hata shimo, naweka kifuniko cha chupa ya maji.

Kama na wewe una kadi zilizoandikwa hivyo niwekee hapo chini, hasa wa Arusha na Moshi na nyie wa Nairobi, nataka kujua umbali wenu wa nusu kwa nusu ni futi ngapi kwenye grini zenu, maana hizi futi 5 zimetoka kwenye grini za Marekani na mi nadhani kwa grini za huku Dar kipindi cha mvua ni chini ya hapo.